Mchochota Sugu wa Utumbo: Je, Dawa Ibadilishwe?

Yapo maradhi yanayokwisha pamoja na dawa yake, na yapo yanayorudi dawa inapokwisha. Mchochota sugu wa utumbo ni katika haya ya pili. Mgonjwa huharisha, hutokwa na damu, huumwa tumbo na kukonda. Kisha hufuata kipindi cha nafuu ambacho huenda kikadumu miezi au miaka, na kazi kubwa ya dawa ni kukilinda kipindi hicho. Kwa hiyo swali la kubadili dawa humkabili kila mgonjwa wa aina hii siku moja, naye hulikabili akiwa na hofu mbili: hofu ya kubaki na dawa isiyofaa, na hofu ya kuiacha ile iliyokuwa ikimfaa.

Maradhi haya yana sura mbili kuu. Kolaitisi ya vidonda, ambayo Samuel Wilks wa London aliieleza mwaka 1859, hushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa mwaka 1932 na Crohn, Ginzburg na Oppenheimer huko New York, huweza kutokea mahali popote kuanzia kinywani hadi kwenye tundu ya haja kubwa, tena hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Katika hali zote mbili kinga ya mwili, ambayo wajibu wake ni kupambana na vijidudu, huuandama utumbo wenyewe. Karibu dawa zote za maradhi haya ni njia mbalimbali za kuituliza kinga hiyo.

Achukuliwe mwalimu kijana aliyekaa na nafuu mwaka mzima kwa vidonge vya azathioprini. Ghafla tumbo linamsokota na anakwenda msalani mara 6 kwa siku. Fikra ya kwanza ni kwamba dawa “imechoka”. Fikra hiyo huenda ikawa sahihi, lakini haijathibitishwa. Huenda amekula chakula chenye salmonela. Huenda ameacha kumeza vidonge kwa wiki tatu, jambo la kawaida kwa mtu anayejisikia mzima. Huenda pia utumbo wake umekuwa mwepesi kushtuka tu, pasipo mchochota wowote. Ndiyo sababu choo hupimwa kwanza. Kipimo kimoja hutafuta kalprotektini, protini iliyomo ndani ya chembe nyeupe za damu, ambayo humwagika utumboni pale chembe hizo zinapokusanyika kupigana. Ikiwa chini ya mikrogramu 50 katika kila gramu ya choo, mchochota si wa kutarajiwa; ikizidi 250, ni dhahiri kuna moto unaowaka. Hata hivyo, kipimo hiki hakisemi nani aliyeuwasha: maambukizo nayo huipandisha protini hiyo.

Katika nchi zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Amiba huweza kuleta kuhara damu kunakofanana sana na kolaitisi ya vidonda, na mgonjwa wa amiba akiongezewa prednisoloni kwa kudhaniwa kuwa maradhi yake ya zamani yamerudi, utumbo wake waweza kutoboka. Kifua kikuu cha utumbo nacho hufanana na ugonjwa wa Crohn kiasi cha kuwababaisha hata mabingwa. Ikiwa choo cha mwalimu yule kitakutwa na amiba, basi itatibiwa amiba, na dawa yake ya siku zote haina kosa lolote.

Tuseme sasa imethibitika kuwa ni ugonjwa wenyewe uliorudi. Hapo huingia suala la muda, ambalo wengi hulipuuza. Mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walitangaza matokeo ya kuwajaribu wagonjwa 210 wa kolaitisi ya vidonda, wakionyesha kwamba kotizoni huwatuliza wengi katika wiki chache. Prednisoloni ni ya ukoo huo huo. Lakini dawa za ukoo huu hazikilindi kipindi cha nafuu, na zikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na kuvimbisha uso. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kuachana na prednisoloni ana sababu ya kutosha ya kutafutiwa dawa nyingine, hata kama mwenyewe anajisikia vizuri. Azathioprini ni kinyume chake: hufanya kazi taratibu, nayo huhitaji miezi 2 hadi 3 kabla ya kuhukumiwa. Anayeiacha katika wiki ya nne kwa madai kuwa haifai ameihukumu kabla ya ushahidi. Akiiacha kwa sababu chembe nyeupe za damu yake zimeshuka, hilo ni jambo jingine, na tena la haraka. Takriban mtu 1 katika kila 300 hana kabisa utendaji wa kimeng’enya kimojawapo kinachoivunja dawa hiyo, na kwake dozi ya kawaida ni sumu.

Wakati mwingine si dawa nzima inayokosea, bali sehemu yake. Sulfasalazini, aliyoianzisha daktari Nanna Svartz wa Sweden kwa ajili ya maumivu ya viungo, imeundwa kwa molekuli mbili zilizounganishwa. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozitenganisha. Mwaka 1977 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba moja ndiyo inayotibu utumbo, na ile ya salfa ni mchukuzi tu. Mchukuzi huyo ndiye anayelaumiwa kwa sehemu kubwa ya kichefuchefu na kuumwa kichwa. Mgonjwa wa kolaitisi anayesumbuliwa hivyo hupewa mesalazini, yaani mzigo bila mchukuzi wake.

Infliksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, inatoa mfano mzuri zaidi wa uamuzi unaotegemea hesabu. Hii ni kingamwili iliyotengenezwa ili kuikamata protini mojawapo inayochochea mchochota. Hutiwa kwenye mshipa, na baada ya dozi za mwanzo hurudiwa kila wiki 8. Ikiwa katika mwili wa mgonjwa dawa hupungua kwa nusu kila siku 14, basi baada ya siku 56 itakuwa imegawanywa kwa mbili mara 4, na itabaki sehemu 1 katika 16. Ikiwa hupungua kwa nusu kila siku 7, itabaki sehemu 1 katika 256, na mgonjwa huyu wa pili atakaa majuma kadhaa kana kwamba hana dawa. Kwa hiyo damu hupimwa kabla tu ya dozi inayofuata. Dawa ikiwa haba na mwili haujaunda kingamwili za kuipinga, huongezwa dozi au hupunguzwa nafasi kati ya dozi, haibadilishwi. Ikiwa haba kwa sababu mwili umeunda kingamwili nyingi za kuipinga, hutafutwa dada yake mwenye shabaha ile ile. Lakini ikiwa imejaa tele na mgonjwa bado anaumwa, dada yake naye yaelekea hatasaidia: inafaa dawa yenye shabaha tofauti kabisa.

Kabla ya dawa za aina hiyo ni lazima kutafuta kifua kikuu kilicholala mwilini. Mwaka 2001 zilitangazwa kesi 70 za kifua kikuu kwa watu waliotiwa infliksimabu, na katika 40 ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu.

Kuna kubadili kwingine kusikotokana na mgonjwa bali na bei. Tangu mwaka 2013 Ulaya imeruhusu nakala za infliksimabu zilizo rahisi zaidi. Nchini Norway wagonjwa 482 wa maradhi mbalimbali ya mchochota, wote wakiwa na hali tulivu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 26 ya waliobaki na dawa ya awali, na asilimia 30 ya waliopewa nakala. Tofauti hiyo ilikuwa ndani ya mpaka uliowekwa mapema, ingawa wagonjwa hawakutosha kutoa hukumu juu ya ugonjwa wa Crohn peke yake.

Ama kuacha kabisa, utafiti uliotangazwa mwaka 2012 uliwafuatia wagonjwa 115 wa Crohn waliokuwa na nafuu, wakasimamishiwa infliksimabu na kubaki na dawa nyingine ya kutuliza kinga. Katika mwaka mmoja, takriban asilimia 44 walirudiwa na ugonjwa. Waliorudishiwa dawa ile walipata nafuu tena, karibu 9 katika kila 10.