Umeme wa Tanzania na Kenya: Unatoka Wapi, na Umebadilikaje?

Mtu akibonyeza swichi ukutani, taa huwaka, naye huendelea na shughuli zake bila kuuliza nuru ile imetoka wapi. Lakini umeme hauokotwi njiani. Lazima pawepo kitu cha kuzungusha mashine: maji yaangukayo, mvuke, upepo, au moto wa gesi na mafuta. Jua, kwa upande wake, laweza kutoa umeme pasipo kuzungusha kitu. Katika makala haya nitaeleza jinsi nchi mbili jirani, Tanzania na Kenya, zilivyobadili vyanzo vyao vya umeme, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi tulio shuleni.

Kabla ya kulinganisha, yafaa msomaji ajihadhari na mitego miwili. Mtego wa kwanza ni hesabu ya kwa mia. Tuseme jiko la shule linapika kwa mizigo 10 ya kuni kila juma. Wanafunzi wakiongezeka, likanunuliwa jiko la gesi lenye kufanya kazi sawa na mizigo mingine 10, fungu la kuni litashuka kutoka 100 kwa mia hadi 50 kwa mia. Je, kuni zimepungua? Hata kijiti kimoja hakikupungua. Hali kadhalika nchi: fungu la maji laweza kushuka na huku mito inatoa umeme ule ule.

Mtego wa pili ni kuchanganya uwezo wa mtambo na kazi yake. Mtambo wa megawati 100 ni kama mtu mwenye nguvu za kubeba magunia 100. Lakini akilala nusu ya siku, hatabeba magunia yote. Upepo ukitulia au mto ukikauka, uwezo umebaki vile vile, umeme haupo.

Sasa tuitazame Kenya. Katika miaka ya 1950 ilianza kununua umeme kutoka Uganda, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Baadaye ikajenga mabwawa yake katika mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa Kenya ulitoka kwenye maji. Lakini mabwawa hayo matano yanakunywa mto mmoja. Ukame wa miaka ya 1999 na 2000 ulipokuja, yote yaliona kiu pamoja, na nchi ikaingia katika mgawo mkali wa umeme.

Hata hivyo Kenya ilikuwa na akiba chini ya ardhi. Huko Olkaria, karibu na Naivasha katika Bonde la Ufa, mawe ya chini yana joto kali, na maji yaliyomo hugeuka mvuke. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa mwaka 1956. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kazi mwaka 1981. Mwaka 2014 ikaongezwa mitambo ya megawati 280 kwa mpigo mmoja. Mwaka 2019 ukazinduliwa mradi wa upepo karibu na Ziwa Turkana, wenye mashine 365 na uwezo wa megawati 310. Leo mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya 40 kwa mia ya umeme unaozalishwa Kenya, na maji yameshuka hadi nafasi ya pili. Mvuke huo haujali mvua wala usiku.

Tanzania ilianza vivyo hivyo, kwa maji. Mtambo wa Hale katika mto Pangani ulianza mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988, na Kihansi ukafuata mwishoni mwa miaka ya 1990. Nasi pia tulikuwa na akiba. Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na huko Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Lakini gesi ya Songo Songo haikufika kwenye mitambo ya Dar es Salaam mpaka mwaka 2004. Katikati ya hapo nchi iliegemea mito, na ilipokosa mvua ilichoma mafuta yaliyonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Ukame wa mwaka 2006 na wa 2011 ulileta mgawo uliosimamisha viwanda na mashine za kusaga.

Bomba kubwa la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilipozinduliwa mwaka 2015, na mitambo ya Kinyerezi ikafuata, gesi ikawa chanzo cha kwanza na kutoa zaidi ya nusu ya umeme wetu. Kisha njia ikapinda tena. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ukawashwa mwaka 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikuwa tayari. Kila mmoja una megawati 235, jumla megawati 2,115. Huo ni zaidi ya nusu ya uwezo wa mitambo yote ya gridi ya Taifa.

Basi tukizilinganisha, twaona kwamba zote mbili zilianza kwa maji na zote zikaumizwa na ukame. Kenya ikatoka kwenye maji kwenda kwenye mvuke na upepo. Tanzania ikatoka kwenye maji kwenda kwenye gesi, kisha imerudi kwenye maji kwa kishindo.

Je, kurudi huko ni kosa? Sidhani. Maji hayanunuliwi, hayatoi moshi, na bwawa la Nyerere lina nafasi ya mita za ujazo bilioni 30 hivi, akiba ya kuvusha miezi mingi ya kiangazi. Lakini tufungue ramani. Mtera na Kidatu ziko katika Ruaha Mkuu, ambao humwaga maji yake Rufiji. Mto Kihansi huingia Kilombero, nao Kilombero ni mmoja wa mito inayoiunda Rufiji. Kwa hiyo mabwawa yetu manne makubwa ni vikombe vinne vya mtungi mmoja. Mwenye kukata miti au kuchepusha maji huko juu, katika Usangu au Kilombero, anagusa taa za Mwanza na Tanga. Ndiyo maana mitambo ya gesi haifai kuachwa ipate kutu, na jua na upepo vya Singida na Dodoma havifai kusahauliwa. Hata waya mkubwa unaopita Namanga kutuunganisha na Kenya, uliotiwa umeme mwishoni mwa mwaka 2024, ni kinga: mvua ikikosekana Ruaha, mvuke wa Olkaria haukatiki.

Wengi wetu tunaukumbuka mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023, wenye mtihani wakigombea kandili moja. Tulidhani umesababishwa na mambo ya juma lile. Lakini tazameni miaka: Olkaria ilingoja miaka 25 toka kisima cha kwanza hadi mtambo wa kwanza, na gesi ya Songo Songo ilingoja miaka 30. Giza la leo, au nuru ya leo, iliamuliwa na watu waliokuwa kazini kabla hatujazaliwa. Hali kadhalika umeme wa mwaka 2050 unaamuliwa sasa, na watakaouendesha, wakiwa mafundi, wahasibu na walinzi wa misitu, wamekaa katika madarasa haya. Yatupasa tujue kusoma hesabu zake, ili tukiambiwa kwamba nchi ina megawati nyingi, tujue kuuliza: zinatoka mito mingapi?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne