Je, Wajua? Meya wa Mjini, Mwenyekiti wa Mashambani

Je, wajua kwamba mkulima wa Mwala, mashambani mwa Machakos, hakuwahi kuwa na meya? Kabla ya 2013, sheria ya Kenya iliwapa mameya manispaa na majiji pekee. Machakos mjini alikuwako meya, na Mavoko vilevile. Vijiji vya wilaya ya Machakos vilikuwa chini ya Baraza la Masaku, na kiongozi wake aliitwa mwenyekiti. Tanzania nayo hufuata mtindo huo hadi leo: manispaa ina meya, halmashauri ya wilaya ina mwenyekiti.

Je, wajua kwamba baraza hilo la mashambani ndilo lililotunza jina la asili? Masaku alikuwa mzee wa Kikamba aliyesifika kwa utabiri. Wageni walipolitamka jina lake, likageuka Machakos.

Je, wajua kwamba Wakamba wa kale hawakuwa na chifu? Mashauri ya kijiji yaliamuliwa na nzama, yaani baraza la wazee. Ni sheria ya kikoloni ya 1902 iliyoleta viongozi wa vijiji walioteuliwa na serikali.

Je, wajua kwamba Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza katika Ukambani kabla ya Nairobi? Reli ilipita kando, na mwaka 1899 ofisi zikahamia Nairobi.

Je, wajua nani aliyekalia kiti cha baraza la kwanza la wenyeji? Mabaraza hayo yalianzishwa kwa sheria ya 1924, na aliyeyaongoza ni mkuu wa wilaya, Mzungu. Mwaka 1938, serikali ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe, wananchi hawakungoja kikao. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, walifunga safari hadi Nairobi kudai mifugo yao kwa gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini serikali ililegeza kamba.

Je, wajua kwamba neno diwani, yaani mjumbe wa baraza, lina asili ya Kiajemi? Katika miji ya pwani ya Mrima lilikuwa cheo cha mtawala. Hilohilo ndilo jina la mkusanyo wa mashairi.

Je, wajua kwamba mwenyekiti wa mashambani alipokonywa kazi zake nzito? Kuanzia Januari 1970, shule za msingi, afya na barabara ziliondolewa mikononi mwa mabaraza ya wilaya zikarudi serikali kuu. Baraza likabaki na masoko na leseni.

Je, wajua kwamba raia wa kawaida hakumpigia meya kura? Alimchagua diwani wake, kisha madiwani wakamchagua meya miongoni mwao. Ndivyo Grace Onyango alivyopata umeya wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini.

Je, wajua cheo hicho kilikoma lini? Kwa uchaguzi wa Machi 4, 2013, mabaraza yote 175 yalivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na kaunti 47. Leo mkazi wa Mwala na mkazi wa Machakos mjini humchagua gavana mmoja kwa kura zao wenyewe, na kila wadi kati ya 40 za kaunti hiyo ina mwakilishi wake. Basi, ndugu msomaji, bajeti ya kaunti ikiletwa kwa maoni ya umma, usikose kikao. Babu zetu walitembea hadi Nairobi ili wasikilizwe. Wewe kikao kimekujia wadini.