Kizunguzungu kisichoisha: sikio linalosahauliwa

Ukimwambia mtu wa Kisumu kwamba kichwa kinakuzunguka, atakujibu kabla hujamaliza kueleza: hiyo ni malaria, nenda ukapime. Ukiwa na miaka hamsini na zaidi, atasema ni presha. Ukiwa mwanamke wa umri wa kuzaa, damu imepungua. Majibu yote matatu yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana watu hukaa miezi, wengine miaka, wakitibiwa hiki na kile huku kizunguzungu kikiwa palepale. Kiungo kisichotajwa mara nyingi ni sikio.

Tuanze na malaria, kwa kuwa kwetu huku ndiyo ya kwanza kushukiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea katika damu ya asilimia 19 ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 katika ukanda wa ziwa, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Malaria huleta kizunguzungu, hilo halina ubishi. Lakini mtu mzima aliyekulia Nyando au Bondo ameumwa na mbu tangu utotoni na mwili wake umejenga kinga ya kiasi. Anaweza kubeba vimelea wachache bila kuugua. Akipimwa siku ambayo kichwa kinamzunguka kwa sababu nyingine kabisa, kipimo kitasema ana malaria. Atameza dawa ya malaria iitwayo AL siku tatu, kizunguzungu kitapoa, na kila mtu ataamini dawa imefanya kazi. Kumbe kuna kizunguzungu cha sikio ambacho hupoa chenyewe vivyo hivyo, kisha kikarudi baada ya wiki au miezi. Kikirudi, mgonjwa anaambiwa malaria yake ni sugu.

Watazame akina mama wanaoanika omena kwenye fukwe za Usenge au Mbita. Samaki wametandazwa juu ya neti kuukuu chini kabisa, na mwenye mali anainama, anageuza, anaokota taka, anainuka, anainama tena, jua likimpiga utosini. Akiinuka na dunia ikampindukia, kuna mambo mawili makubwa ya kufikiria. La kwanza ni la damu: pengine hajanywa maji tangu alfajiri, pengine damu yake ni chache kwa sababu ya hedhi nzito, minyoo ya safura, kichocho au selimundu, pengine dawa za presha zimeishusha kupita kiasi. Anaposimama ghafla, damu inachelewa kufika kichwani, macho yanaingia giza, miguu inalegea. La pili ni la sikio. Huyu haoni giza. Anaona vitu vikizunguka kwa kasi, nyavu, mitumbwi na watu, kwa sekunde kadhaa, halafu vinatulia na kumwachia kichefuchefu.

Swali moja huwatenganisha hawa wawili vizuri kuliko vipimo vingi: je, hukupata pia ukigeuka kitandani? Mtu aliyelala hana tatizo la damu kupanda kichwani. Akigeukia ubavu wa kulia usiku na chumba kikaanza kuzunguka, sikio ndilo la kushukiwa kwanza. Vilevile kikimpata akilaza kichwa nyuma kuoshwa nywele saluni, au akitazama juu kuanika nguo kwenye kamba.

Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda, imejaa majimaji, na kila mmoja umeelekea upande wake. Hufanya kazi kama pimamaji ya fundi: kichwa kikigeuka, majimaji yanasogea na ubongo unapata habari. Kando ya mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za kalsiamu kabonati, zilizonata juu ya utando laini. Umri ukisonga, au kichwa kikigongwa, kama inavyotokea kila siku kwa abiria wa bodaboda, chembe kadhaa hubanduka na kuangukia ndani ya mfereji. Tangu hapo kila kichwa kikilala kwa namna fulani, chembe zinateleza na kuyasukuma majimaji. Sikio linaripoti kwamba mwili unazunguka, macho yanasema haujatikisika, na ubongo unachanganyikiwa. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote cha kizunguzungu cha aina ya kuzunguka.

Robert Bárány wa Austria, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake kuhusu kiungo cha usawa ndani ya sikio, aliielezea hali hii mwaka 1921. Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walionyesha namna ya kuipima kitandani. Tiba ilikuja baadaye sana: Mmarekani John Epley aliibuni karibu mwaka 1980, wenzake wengi wakampuuza, na makala yake iliyojulikana zaidi ikachapishwa mwaka 1992.

Tiba yenyewe haina sindano wala vidonge. Mgonjwa anaketi kitandani, kichwa kimegeuzwa nusu upande wa sikio bovu. Mtaalamu anamlaza haraka chali, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda. Baada ya sekunde chache macho ya mgonjwa yanaanza kurukaruka yenyewe, anashika mkono wa aliye karibu, wengine wanapiga kelele. Mtaalamu hamwachi, anangoja macho yatulie. Kisha anageuza kichwa upande wa pili, anangoja tena, anambingirisha mwili mzima mpaka uso unatazama sakafu, halafu anamketisha. Chembe zimepitishwa kwenye mfereji mpaka zikatokea upande wa pili. Wengi hupona kwa mara moja au chache tu. Inauma kufikiria kwamba mtu anaweza kuuza mbuzi alipie picha ya kichwa, wakati chembe hizo hazionekani kwenye picha hiyo hata kidogo.

Si kila kizunguzungu cha sikio kina mwisho mwema namna hiyo. Dawa nazo huingilia. Watu wazima wengi wa huku wanakumbuka jinsi masikio yalivyovuma baada ya kumeza kwinini. Mvumo huo kwa kawaida huisha dawa ikiisha mwilini. Jentamisini na streptomaisini ni hatari zaidi, maana zinaweza kuua kabisa seli za usawa katika masikio yote mawili, na seli hizo hazioti tena. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani aliyepoteza usawa kwa streptomaisini aliandika kwamba ilimbidi akibanie kichwa kwenye vyuma vya kitanda ili aweze kusoma, kwa sababu hata mapigo ya moyo yaliyarusharusha maandishi. Mwenye tatizo hili haoni vitu vikizunguka. Anayumba, hasa gizani, na akitembea barabara inadundadunda machoni.

Wanaotumia ARV kwa miaka mingi watakumbuka efavirenzi na kizunguzungu chake cha usiku. Kenya ilianza kuleta dolutegraviri mwaka 2017 na hali ikawa nafuu kwa wengi. Dawa yoyote unayoishuku, ipeleke kliniki ikazungumziwe. Usiiache mwenyewe nyumbani.

Kuna wagonjwa ambao sikio lao limeshapona lakini ubongo umebaki na hofu. Wanajisikia kama wako kwenye mtumbwi siku nzima, zaidi wakiwa sokoni Kibuye penye watu na rangi nyingi. Madaktari waliafikiana vigezo vya ugonjwa huu mwaka 2017. Si uwongo, si wazimu, na hakuna aliyewaroga. Kinachosaidia ni mazoezi ya kichwa, macho na miguu yanayorudiwa kila siku kwa wiki nyingi, pengine pamoja na dawa za kutuliza ubongo. Kipandauso nacho huleta kizunguzungu cha saa nzima au zaidi, hata bila kichwa kuuma.

Ukienda kliniki, iwe kituo cha mtaani au hospitali ya Jaramogi ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, sema kwanza kizunguzungu hudumu muda gani na huanzishwa na nini. Omba presha ipimwe umelala, kisha umesimama ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, jibu limepatikana bila gharama. Beba dawa zako zote, pamoja na zile za kemisti na za mitishamba. Ukihitaji kupelekwa mbele, si lazima uanze na daktari bingwa, kwa maana Kenya ina maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo.

Lakini kizunguzungu kikija ghafla pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, kuona viwili viwili, mkono kukosa nguvu au kushindwa kabisa kusimama, hicho huenda ni kiharusi na mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyohiyo. Na mvuvi ambaye sababu yake haijajulikana asiingie ziwani peke yake usiku, wala asipande mtumbwi bila jaketi la kuokolea, kwa sababu mtu aliyepoteza usawa akizama gizani hajui uso wa maji uko upande gani.