Fahamu: Lewiston, mji wa nguo uliopata wakazi wapya

Mto Androscoggin ndio ulioujenga mji wa Lewiston, jimboni Maine, Marekani. Maji yake yalichepushwa kwenye mifereji ili kuendesha mitambo ya nguo, na majengo ya matofali mekundu ya kiwanda cha Bates yamesimama hapo hadi leo. Wafanyakazi wengi walitoka Quebec, wakizungumza Kifaransa. Kisha kazi ya nguo ikahamia kusini, baadaye ng'ambo, na mwaka 2001 Bates ikafunga.

Mwaka huohuo Wasomali wakaanza kuingia, wakitafuta nyumba za bei nafuu na usalama wa watoto wao. Hapo ndipo siasa zilipochemka. Sheria ya Maine inaitaka kila manispaa iwasaidie wakazi wasiojiweza, na sehemu ya fedha hizo hutoka kwenye kodi ya majengo. Oktoba 2002, meya Laurier Raymond aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuhamia. Barua ile iliumiza, kwani tatizo lilikuwa bajeti, si watu. Januari 2003 wabaguzi wachache walifika kuchochea chuki. Maelfu wakajitokeza kuwapinga.

Kwenye barabara ya Lisbon, milango iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa tena: sambusa, nyama halali, mitandio. Wamo pia Wasomali Wabantu, na baadhi yao bado wanasema Kizigua, lugha ya mababu waliouzwa utumwani karne ya 19 kutoka Tanzania ya leo.

Mwaka 2019 Safiya Khalid, Msomali aliyeingia Marekani akiwa mtoto, alichaguliwa diwani wa Lewiston akiwa na miaka 23.