Kelele za Chuma Zinazofichua Kilichoungua

Jino la gia lililotoka kusagwa hung'aa, na kwa macho halina dosari. Lakini jiwe la kusagia likikandamizwa kupita kiasi, joto lake huilainisha ngozi ya chuma iliyokwisha kufanywa ngumu kwa moto. Likishafungwa kwenye giaboksi ya lori au injini ya ndege, jino hilo laweza kuanzia hapo hapo kupasuka. Kwa miaka mingi viwanda vimelifichua kosa hilo kwa kuchovya gia katika mchanganyiko wa asidi ya naitriki na alkoholi, palipoungua pakageuka rangi. Asidi hula chuma, na anayeishika yuko hatarini.

Sumaku imeleta njia ya pili. Mwaka 1919 Mjerumani Heinrich Barkhausen alikizungushia chuma koili iliyounganishwa na spika, kisha akasogeza sumaku. Spika ikakwaruza. Chuma hakiupokei usumaku kwa mtiririko laini. Huupokea kwa kurukaruka.

Mfaransa Pierre Weiss alikuwa amekwisha kueleza, mwaka 1907, kwamba ndani ya chuma mna maeneo madogo madogo mithili ya vitongoji, kila kimoja na mwelekeo wake wa usumaku. Mipaka yake ndiyo inayoruka. Ikikutana na chembe ya kabaidi, au mahali ambapo mpangilio wa atomi umevurugika, hunasa. Sumaku ikizidi nguvu, huchomoka ghafla. Chuma kigumu kimejaa vizuizi, hivyo kelele zake ni hafifu. Kilicholainishwa na joto hupiga kelele zaidi. Kifaa kidogo kikipitishwa juu ya jino huitambua tofauti hiyo bila kuacha alama.

Na mipaka hiyo huonekana. Mwaka 1931 Francis Bitter alitumia kimiminika chenye chembe laini sana za oksidi ya chuma. Zilijipanga juu ya mipaka, akaisoma kwa hadubini. Hadubini nyingine hutegemea ugunduzi wa John Kerr wa mwaka 1877: mwanga uliochujwa utetemeke upande mmoja, ukiakisiwa na uso wenye usumaku, hugeuka kidogo mno. Kichujio cha pili huyafanya maeneo yatokeze meusi na meupe, na mtafiti akautazama mpaka ukinasa na kuchomoka. Ni jambo la kustaajabisha kweli.

Hadubini hiyo, hata hivyo, hutaka uso uliosuguliwa sana, na huona ngozi ya juu tu. Darajani haipandi. Huko hutumika njia iliyotokana na alichokiona Mmarekani William Hoke mwaka 1922: unga wa chuma ukijipanga juu ya nyufa za vyuma vilivyoshikwa na sumaku. Fundi husafisha kiungo cha kulehemu, hupaka rangi nyeupe nyembamba, hubandika sumaku ya umeme yenye miguu miwili na kunyunyiza mafuta yenye unga mweusi. Penye ufa usumaku huvuja, na mstari mweusi hujichora. Kisha sumaku lazima igeuzwe na kazi irudiwe, hatua ambayo wenye haraka huiruka, kwa sababu ufa ulio sambamba na mkondo wa usumaku haujitokezi.

Unga hungoja ufa uwepo kwanza. Kelele za Barkhausen zaweza kutangulia, ila hupanda kwa sababu mbili: chuma kimelainika, au kimebaki na mvutano ndani yake. Namba pekee haitenganishi hayo. Ndiyo maana kipande cha mfano hukatwa na kupelekwa chini ya hadubini kabla ya kifaa kuaminiwa kiwandani. Bila hivyo mkaguzi aweza kutupa gia nzima na kuipitisha iliyoungua.