Je, Wajua? Siri Zilizomo Kwenye Damu ya Nguruwe

Je, wajua kwamba ili kujua ugonjwa wa virusi umeenea hadi wapi, wataalamu huchukua damu ya nguruwe wazima, si ya wagonjwa peke yao? Aliyeambukizwa akapona hubaki na kingamwili kwa miezi, pengine miaka, hata baada ya virusi vyenyewe kutoweka mwilini.

Je, wajua damu hiyo inavyopatikana? Nguruwe mkubwa hutiwa kitanzi kwenye taya la juu. Yeye hujivuta kurudi nyuma, kamba ikakaza, akasimama hapo hapo akipiga kelele za kupasua masikio, na daktari wa mifugo akamchoma sindano shingoni. Damu huachwa igande. Majimaji ya manjano yanayojitenga, yaani seramu, hupelekwa maabara na kutiwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96 vilivyopakwa chembe za virusi. Katika kipimo cha ELISA kilichozoeleka, kingamwili zikiwamo hunasa humo, na kishimo hubadilika rangi.

Je, wajua si lazima kuwapima wote? Katika kundi kubwa, ukipima 59 kwa kipimo cha kuaminika na wote wakawa safi, una uhakika wa asilimia 95 kwamba ugonjwa, kama upo, haujafika asilimia 5 ya kundi. Ila wachaguliwe bila upendeleo. Ukikamata wale walio karibu na mlango tu, hesabu hiyo haina maana tena.

Je, wajua kitoto cha nguruwe huzaliwa bila kingamwili za mama yake? Kondo la nyuma la nguruwe haliziruhusu kupita. Huzipata kwa kunyonya dang'a, na lazima anyonye ndani ya siku moja hivi, kabla utumbo haujaacha kuzipokea. Kwa hiyo ukipima kitoto cha wiki tatu ukakuta kingamwili, huenda unasoma historia ya mama.

Je, wajua homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika andiko la R. Eustace Montgomery la mwaka 1921? Ngiri huambukizwa wakiwa wadogo, wakiumwa na papasi ndani ya mashimo wanamolala. Hawaugui, lakini kingamwili wanazo. Nguruwe wa kufugwa hana bahati hiyo. Kingamwili zake huanza kuonekana kati ya siku ya 7 na ya 10, na wengi wakati huo wako taabani au wamekwisha kufa. Hili mfugaji alishike sana: banda linalokufa leo likipimwa kingamwili peke yake, majibu yanaweza kutoka safi kabisa. Hapo vitafutwe virusi vyenyewe, kwa kipimo cha PCR, na nguruwe yeyote asitoke kwenda sokoni wala buchani.

Je, wajua Malaysia ilikamilishaje vita vyake na virusi vya Nipah? Kuanzia mwishoni mwa 1998, watu wa mashamba ya nguruwe karibu na Ipoh waliugua homa ya ubongo. Ikadhaniwa ni ile inayoenezwa na mbu, dawa ikapulizwa, chanjo zikatolewa, vifo vikaendelea. Walioumia hasa walikuwa watu wazima wanaoshika nguruwe kila siku. Mwaka 1999 virusi vipya vikatambuliwa na kupewa jina la kijiji cha Sungai Nipah. Wagonjwa walifika 265, wakafa 105, na nguruwe zaidi ya milioni 1 wakauawa.

Kazi isiyotajwa sana ilifuata baada ya hapo. Je, mashamba yaliyobaki yalikuwa salama kweli? Timu zilipita kupima damu za nguruwe majike, kwa kuwa wale wa nyama huuzwa wakiwa na miezi michache na kuondoka na ushahidi wao, ilhali majike hukaa shambani miaka. Kati ya mashamba 889 yaliyopimwa, 50 yalikutwa na kingamwili. Kila moja kati ya hayo lingeweza kuwasha moto upya.

Je, wajua nguruwe walisaidia kufumbua fumbo la homa ya mafua iliyoua mamilioni ya watu mwaka 1918? Kwangu hili ndilo la ajabu kuliko yote. Richard Shope, Mmarekani wa Iowa, alitoa virusi vya mafua kwa nguruwe na kutangaza matokeo mwaka 1931. Kisha akapima seramu za watu wa rika mbalimbali. Watu wazima walikuwa na kingamwili dhidi ya virusi hivyo vya nguruwe, watoto waliozaliwa baada ya janga wengi wao hawakuwa nazo. Wazima hao hawakuzipata zizini. Walikutana na ndugu wa virusi hivyo katika janga lenyewe.

Je, wajua ipo chanjo iliyopunguzwa kipande makusudi? Ni ya ugonjwa wa Aujeszky, ambao virusi vyake hujificha kwenye neva za nguruwe maisha yake yote. Chanjo haina protini iitwayo gE. Nguruwe mwenye kingamwili za gE, basi, ameambukizwa, hakuchanjwa tu. Kwa njia hiyo Ujerumani iliusafisha ugonjwa mabandani na kutambuliwa kuwa huru mwaka 2003.

Je, wajua hata mate ya papasi huacha alama? Nguruwe aliyeumwa hutengeneza kingamwili dhidi ya mate hayo. Watafiti wa Hispania na Madagaska wamezitumia kujua ni mabanda gani yana papasi, bila kufukua nyufa za kuta moja baada ya nyingine.