Je, Msichana Achague Kazi au Nyumba?



Hivi majuzi nilikaa chini ya mwembe na kikundi kimoja cha kujisaidia. Niliwauliza wasichana, "Mnataka maisha yenu yaweje miaka kumi ijayo?" Karibu wote walitaka kazi, na karibu wote walitaka mume na watoto pia. Mmoja wao, aliyejifunza ushonaji, akasema, "Mama, sitaki kuambiwa nichague. Nataka cherehani yangu, na nataka mtoto wangu anijue."

Mzee mmoja akamjibu, "Binti yangu, njia mbili zilimshinda fisi." Hapo nyanya mmoja akasema, "Lakini fisi alikuwa peke yake, mzee." Tukacheka, kisha tukaanza kazi.

Kwa nini kazi na nyumba zinagongana?

Tulichukua mbegu 24 za maharagwe, kila mbegu ikiwa saa moja. Mama mmoja kijana akazipanga chini kufuatana na siku yake: kulala 6, maji na kuni 4, kupika na vyombo 4, kufua na kufagia 2, mtoto 3, shamba 5. Mbegu zikaisha. Nikamwuliza, "Na biashara yako ya mboga?" Akatoa mbili kwenye usingizi.

Mume wake naye akapanga zake: kulala 8, shamba na ng'ombe 7, kula 2. Mbegu saba zikabaki mkononi. Akazitazama kwa muda, akasema, "Kumbe!" Hakuwa mtu mvivu. Alikuwa hajapata kuhesabu.

Basi shida si kwamba msichana anataka mambo mengi mno. Shida ni saa. Tukimwambia achague, tunapoteza mapato yake na ujuzi tuliolipia karo. Asipochagua na asisaidiwe, anapunguza usingizi mpaka anaugua. Saa hizo zinaweza kutoka mahali patatu.

1. Sheria kwa aliyeajiriwa

Nilipojifungua kifungua mimba wangu mwaka 2004, nilikuwa nimeajiriwa. Sheria ya wakati huo ilitoa miezi miwili ya uzazi, na ukiichukua unapoteza likizo yako ya mwaka huo. Nilirudi kazini maziwa yakinivuja, mtoto akilia nyumbani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilibadilisha mambo. Mama aliyeajiriwa hupata miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka haipotei. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa kwa maandishi, angalau siku saba mbele. Baba naye hupata wiki mbili kwa mshahara kamili. Tena kushika mimba si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Sheria hii inamhusu hata msichana wa kazi za nyumbani. Wewe uliyemwajiri, kumbuka hilo.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Mama apewe pia nafasi ya kunyonyesha, isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa kula. Jambo hili ni muhimu kwa sababu mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, na likizo ni miezi mitatu tu.

2. Makubaliano ya nyumbani

Lakini wasichana wetu wengi hawana mwajiri. Wanauza sokoni, wanashona, wanalima kibarua. Hao likizo yao iko mikononi mwa watu wa nyumbani.

Katiba ya mwaka 2010 inasema mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Sasa haki hiyo ionekane kwenye mtungi wa maji. Mke hubeba mtungi mmoja wa lita 20 mgongoni. Mume mwenye baiskeli huleta mitatu kwa safari moja. Yule bwana wa mbegu saba alikubali kuchukua kazi ya maji, na mke wake akarudishiwa usingizi wake.

Wachumba wazungumze mambo haya kabla ya mahari kupangwa: mtoto atakaa na nani siku ya soko? Pesa ya cherehani itatumikaje? Na mama wakwe, tuwe waangalifu. Kijana akionekana anafua nepi, tusiseme amekaliwa. Neno letu moja linaweza kumrudisha nyuma.

3. Kikundi chenyewe

Kikundi kinaweza kufanya mambo ambayo mtu mmoja hawezi:

– Andikeni katika kanuni zenu kwamba mwanachama aliyejifungua asitozwe faini ya kukosa mkutano kwa miezi mitatu, na zamu yake ya kupokea pesa ihifadhiwe.

– Pangeni zamu ya kuangalia watoto siku za soko. Wawe wachache kwa kila mlezi, na kuwe na ua uliofungwa, maji safi na choo karibu. Andikeni jina la kila mtoto na la anayeruhusiwa kumchukua. Mlezi alipwe kidogo. Hiyo pia ni kazi.

– Mtoto anayenyonya asiachwe siku nzima. Mlezi ampeleke kwa mama yake, au mama arudi saa sita.

– Nyanya asigeuzwe yaya wa bure. Amelea wake. Aulizwe kwanza.

Anzeni na siku moja kwa wiki, halafu mwone.

Maswali ya kujadiliana

1. Pangeni mbegu 24, wanawake kando na wanaume kando. Mnaona nini?

2. Ni kazi gani ya nyumbani ambayo mwanaume wa hapa anaogopa kuonekana akiifanya? Anamwogopa nani?

3. Kuna msichana hapa aliyeacha kazi au biashara baada ya kuzaa? Mwulizeni yeye mwenyewe angehitaji nini ili aendelee.

4. Kabla ya mkutano ujao, kikundi kitabadilisha jambo gani moja? Nani atalisimamia?

Msiondoke kabla ya kujibu swali la nne. Yule fundi wetu wa nguo ameshapata cherehani ya mkopo wa kikundi, na anatarajia kuolewa mwaka ujao. Tayari ameuliza zamu ya watoto itaanza lini.